Kubadili Chama Si Khiyana, Khiyana ni Kubadili Neno Kimya Kimya

Ijumaa iliyopita, baada ya chakula cha mchana, tulikaa barzani kwa ami yangu hapa Seeb kama ilivyo ada yetu. Kahawa ipo, halua ipo, na mazungumzo ya watu wa kwetu mnayajua, yalianzia kwenye bei ya tiketi za kwenda Unguja yakaishia kwenye siasa. Binamu yangu akatoa simu akatuonyesha video mbili za mwanasiasa mmoja. Ya kwanza ya miaka kadhaa nyuma, yuko jukwaani jasho linamtoka, anawaapia watu kwamba yeye na chama fulani ni mbingu na ardhi. Ya pili ya juzi juzi, kavaa shati la chama hicho hicho, anacheka, na anawaambia watu wale wale waseme ahsante.

Barza nzima tulicheka. Ami hakucheka. Alisema tu, "Siasa ndo ilivyo, wanangu. Msiumize vichwa." Kisha akamimina kahawa.

Neno lile limenikaa kichwani wiki nzima, na leo nataka kulijibu. Siwezi kumjibu ami barzani mbele ya watu, adabu hainiruhusu, lakini hapa naweza kusema. Siasa haiko hivo. Sisi ndo tumekubali iwe hivo, kwa sababu tumezoea kuwapima viongozi wetu kwa rangi ya shati, hatuwapimi kwa neno walilolisema. Anayevaa shati letu tunamwita shujaa, na anayelivua ni msaliti. Baina ya mashati hayo mawili neno lenyewe linapotea na hakuna anayeliulizia.

Kuna atakayesema, sie huku Ghuba yanatuhusu nini? Kura hatupigi, na wengi wetu uraia tulionao ni wa nchi nyengine. Ni kweli. Lakini mzazi wako yuko Wete, dada yako yuko Mkunazini, kiwanja chako kipo Fuoni, na mkono wako unatuma pesa kila mwezi. Kila mwanasiasa akipita Muscat au Dubai anakaribishwa wali wa nyama na anatuahidi jambo. Suala la uraia pacha, kwa mfano, tumelisikia miaka mingi. Mezani kwetu linaungwa mkono, likifika Dodoma linageuka, na leo kinachozungumzwa ni hadhi maalumu. Huenda hadhi hiyo ni jambo jema, siipingi. Ninachouliza mie ni nani katika waliokula wali wetu alisimama bungeni akasema maneno yale yale aliyotwambia sisi.

Lakini kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo barza zetu huyachanganya. Kubadili chama ni jambo moja na kubadili imani ya kisiasa ni jambo jengine. Chama ni jahazi tu, na mtu anaweza kuhama jahazi na safari yake ikawa ile ile. Anaweza vilevile kukaa jahazi moja maisha yake yote na kila siku akaelekea upepo unakoelekea. Huyo wa pili hatumwiti msaliti kwa sababu hajahama. Tunamwita mkongwe wa chama na tunampa kiti cha mbele.

Mchukueni Maalim Seif Sharif Hamad. Alikuwa CCM, akawa Waziri Kiongozi kuanzia 1984 mpaka 1988, akafukuzwa chama, akawekwa ndani kuanzia 1989 mpaka 1991. Akawa CUF. Machi 2019, mahakama ilipompa ushindi Profesa Lipumba katika mgogoro wa chama, Maalim na watu wake wakahamia ACT-Wazalendo, na wito wao ukawa shusha tanga, pandisha tanga. Hivyo ni vyama vitatu. Kwa hesabu ya mashati, huyu ni kigeugeu. Lakini chukua hotuba zake za miaka ya tisini uzilinganishe na za mwaka 2020. Zanzibar yenye mamlaka yake ndani ya Muungano, uchaguzi wa haki, na Wazanzibari wasiuane kwa ajili ya siasa. Majahazi matatu, safari moja.

Na hapa lazima nikiri. Desemba 2020, alipokubali kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais baada ya uchaguzi ule wa Oktoba ambao chama chake kiliukataa, mimi nilikuwa miongoni mwa waliomkasirikia. Kuna watu Unguja na Pemba walikuwa bado wanauguza majeraha na wengine wanalia maiti wao. Nilisema maneno mazito kwenye kundi letu la familia, na mwengine akanijibu mazito zaidi, mpaka shangazi yangu akatunyamazisha. Maalim akafariki Februari 17, 2021, hata miezi mitatu haikutimia. Nilipotulia ndipo nikakumbuka kwamba mtu huyu ndiye aliyekaa na Rais Amani Karume Novemba 2009, ndiye aliyepita akiwaomba watu wakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Julai 2010 Wazanzibari wakaipitisha kwa kura ya maoni. Kukaa serikalini na mpinzani wake ili damu isimwagike kulikuwa ndani ya neno lake miaka kumi kabla. Unaweza kusema alikosea hesabu, na mimi hata leo sijui kama ningeukubali uamuzi ule. Lakini kusema kwamba aliuza imani yake siwezi tena.

Wala simfanyi malaika. Januari 1984, Mzee Aboud Jumbe alipong'olewa Dodoma kwa kutaka muundo wa Muungano utazamwe upya, Seif alikuwa upande uliompinga, na muda mfupi baadaye akakalia kiti cha Waziri Kiongozi. Miaka iliyofuata akawa yeye ndo anayadai yale yale ya Jumbe, au zaidi. Wazee wetu hawajalisahau hilo, na wana haki ya kutolisahau. Tofauti ni kwamba alibadilika kuelekea upande wenye gharama. Hakupewa cheo kwa kubadilika, alipewa jela.

Sasa linganisha na yale ya 2017 na kuendelea, wakati wa Rais Magufuli, wabunge na madiwani wa upinzani walipokuwa wakijiuzulu mmoja baada ya mmoja. Maneno yalikuwa yale yale kama waliyoyanakili kwenye karatasi moja, kwamba wanahama "kuunga mkono juhudi". Mbunge wa Kinondoni, Maulid Mtulia, aliyechaguliwa 2015 kwa tiketi ya CUF, alijiuzulu Desemba 2017, akaingia CCM, akasimamishwa jimbo lile lile, na Februari 2018 akarudi bungeni. Jimbo lile lile, kiti kile kile, mtu yule yule, shati tu ndo jipya. Wapiga kura wakaitwa tena wamchague mtu waliyekwishamchagua.

Na msidhani mambo haya ni ya kuchekwa barzani tu. Siku moja kabla ya uchaguzi ule mdogo, wafuasi wa Chadema waliandamana kudai barua za mawakala wao, polisi wakawatawanya kwa risasi, na risasi moja ikampata mwanafunzi wa chuo akiwa kwenye daladala, anapita na njia zake. Akafa. Hakuwa mgombea wala mwandamanaji. Simlaumu mbunge kwa risasi ambayo hakuipiga yeye. Lakini uchaguzi ule haukuwa na sababu ya kuwepo isipokuwa mtu mmoja kubadili shati, na hakuna aliyewahi kusimama akawaeleza watu wa Kinondoni ni lipi hasa lililobadilika katika imani yake baina ya 2015 na 2017.

Kipimo kizuri zaidi kwetu Wazanzibari ni Rasimu ya Katiba ya Jaji Warioba. Tume yake ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni. Wazanzibari wengi waliozungumzia muundo wa Muungano walitaka Muungano wa mkataba, na watu wa Bara waliozungumzia jambo hilo wengi walitaka serikali tatu. Rasimu ikaja na serikali tatu. Bunge Maalumu likaanza Februari 2014, UKAWA wakatoka Aprili, na Oktoba 2 mwaka huo huo ikapitishwa Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili. Ndani ya bunge lile walikuwemo Wazanzibari ambao visiwani walikuwa wakisema jambo moja, wakafika Dodoma wakapigia kura jengine.

Mmoja alikataa. Othman Masoud Othman, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, mteule wa Rais, serikalini kabisa, alipiga kura ya wazi ya hapana kwa baadhi ya vifungu. Alikuwa anajua nini kitamfika, na kilimfika. Siku chache baadaye alivuliwa cheo. Wengi wetu tunamjua kama mtu aliyeshika nafasi ya Maalim ya Makamu wa Kwanza wa Rais mwaka 2021, lakini mie nikimtazama namkumbuka siku ile ya Dodoma. Ukubaliane naye usikubaliane, unajua alisimama wapi siku kusimama kulipokuwa na bei.

Rasimu hiyo hiyo ina kisa chengine. Humphrey Polepole alikuwa mjumbe wa Tume ya Warioba, na baada ya kazi kwisha alikuwa kijana aliyezunguka kuitetea rasimu kwa ufasaha mkubwa. Mwaka 2016 akawa Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM, yaani msemaji wa chama kile kile kilichoizika rasimu aliyoitetea, na ndiye aliyekuwa akikisemea miaka yote ya "kuunga mkono juhudi". Baadaye ubunge wa kuteuliwa, kisha ubalozi Malawi, kisha Cuba. Julai 2025 akajiuzulu, akaanza kusema hadharani yale ambayo miaka ile hakuyasema. Oktoba mwaka huo familia yake ikasema ametekwa nyumbani kwake Dar es Salaam. Kisa hiki mimi hunichanganya, na naomba tusikimalize kwa neno moja. Aliponyamaza alikuwa na cheo. Aliposema, alilipa gharama ambayo hakuna binadamu anayestahiki kulipishwa kwa kusema. Lakini swali linabaki kwa kila mwanaharakati kijana anayeitwa leo serikalini. Ile imani uliyokuwa ukiisema unaingia nayo, au unaiacha mlangoni kama viatu?

Wapinzani nao wasijifiche nyuma ya dhulma wanayofanyiwa. Mwaka 2007, pale Mwembeyanga, Dk. Willibrod Slaa alisoma orodha ya watu aliowaita mafisadi, na Edward Lowassa alikuwemo. Lowassa alikana siku zote, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani, lakini Chadema waliimba wimbo ule miaka minane. Julai 2015 Lowassa akahamia Chadema, na ndani ya wiki chache akawa mgombea wao wa urais. Waliokuwa wakimwita fisadi wakamwita mkombozi. Kama walikuwa wamegundua kwamba walimdhulumu, basi wangemwomba radhi hadharani. Kama hawakugundua, basi waliikunja bendera yao ya vita dhidi ya ufisadi wakaiweka mfukoni mpaka uchaguzi upite. Dk. Slaa alijitoa, na wengi tukampigia makofi. Miaka miwili baadaye akateuliwa balozi na serikali ya chama kile kile alichokuwa akikipinga. Na Lowassa akarudi CCM Machi 2019, kama mtu aliyekwenda kwa jirani kuazima chumvi.

Hadi hapa nadhani wengi wenu mnatikisa vichwa mnasema, kweli kabisa, wanasiasa hawa. Sasa tuje kwetu, maana nyani haoni kundule.

Mwaka 2023 lilikuja suala la bandari na DP World. Mkataba baina ya Tanzania na Dubai ulisainiwa Oktoba 2022, na Juni 2023 Bunge likauridhia. Kule Bara moto ukawaka. Katika waliopinga walikuwemo wenye hoja za kweli, kuhusu muda wa mkataba, kuhusu namna ya kuuvunja, kuhusu nini kinaingia na nini hakiingii. Na walikuwemo wengine, miongoni mwao watu tuliowajua miaka yote kama watetezi wa haki na usawa, walioanza kusema "Waarabu" kwa sauti ile ambayo sisi tunaijua vizuri, na "Wazanzibari wanauza bandari yetu" kana kwamba Rais akitoka visiwani si Rais. Hao walijionyesha. Ukitetea usawa wa watu wote isipokuwa watu fulani, huna imani ya usawa, una orodha ya marafiki.

Lakini sisi je? Mimi binafsi niliutetea mkataba ule kwa ghadhabu, kwenye simu na barzani, na wallahi sikuwa nimesoma hata kifungu kimoja. Niliutetea kwa sababu waliotukanwa ni sisi. Mimi huyu ambaye miaka ishirini nalalamika kwamba mambo ya Muungano na mafuta yanaamuliwa juu ya vichwa vya wananchi, siku hiyo sikutaka kusikia mwananchi yeyote akiuliza. Niliusoma baadaye sana, na nikakuta baadhi ya maswali yao yalikuwa maswali ambayo mie mwenyewe ningeuliza kama kampuni ingekuwa ya nchi nyengine.

Kuna kubwa zaidi. Agosti 2023 wakosoaji watatu wa mkataba ule walikamatwa, Dk. Slaa akiwemo, na likatajwa neno uhaini. Baadaye wakaachiwa. Sisi ambao tulilia miaka yote masheikhe wa Uamsho walipokaa rumande kwa kesi isiyokwisha, mpaka wakatoka Juni 2021, tulisema nini siku ile? Kwenye makundi yangu nilihesabu. Waliosema neno hawakuzidi vidole vya mkono mmoja, na mie sikuwa miongoni mwao. Kumbe tulikuwa hatupingi watu kuwekwa ndani kwa maneno yao. Tulikuwa tunapinga watu wetu kuwekwa ndani.

Ndo maana nasema msimamo hauonekani siku unapomsaidia mtu wako, unaonekana siku unapomsaidia usiyempenda. Na sisi tusiokuwa na cheo tukishindwa mtihani mwepesi hivi, mbunge mwenye gari, posho na ahadi ya uwaziri tutamwambia nini?

Sisemi mtu asibadilike. Mtu asiyebadilika hata akioneshwa ushahidi hana msimamo, ana ukaidi. Mwalimu Nyerere alijenga mfumo wa chama kimoja na akautetea miaka, kisha mwaka 1990 akasema hadharani kwamba kuzungumzia vyama vingi si uhaini. Tume ya Jaji Nyalali ikakuta watu wengi bado wanataka chama kimoja, nayo ikapendekeza vingi kwa kuwajali wale wachache. Hakuna aliyebadilika usiku kwa usiku. Mambo yalisemwa mchana, kwa sababu zilizoelezwa, na watu wakabishana nazo.

Basi mie najiwekea maswali matatu, na nakuombeni nanyi myajaribu kabla ya kumpigia makofi au kumzomea mtu. La kwanza, alipobadilika alisema wazi kwamba zamani alikuwa na rai nyengine, au anajifanya hakuwahi kuwa nayo? La pili, alitoa sababu ambayo hata mpinzani wake anaweza kuibishia, au alitoa wimbo tu? La tatu, kubadilika kwake kulimletea nini, cheo au hasara? Jibu la tatu peke yake halitoshi, kwa sababu mtu anaweza kupata cheo na bado akawa mkweli. Lakini majibu matatu yakikaa pamoja utaona picha.

Na akija tena mgeni wa kisiasa huku, tumkaribishe kama kawaida, sisi si watu wa kumnyima mgeni chakula. Lakini baada ya kahawa, mmoja wetu afungue simu asome alichotwambia safari iliyopita, amuulize kwa heshima amefikia wapi. Tumuulize hivo wa chama tusichokipenda, na zaidi tumuulize wa chama tunachokipenda.

Nimalizie kwa ami. Nilisema hakucheka ile video. Watoto hawajui, lakini sisi wakubwa tunajua. Baada ya uchaguzi wa 1995 ami aliondolewa kwenye kazi yake Pemba kwa sababu alionekana kwenye mikutano ya upinzani. Hakuwa kiongozi, alikuwa karani. Aliambiwa akiandika barua ya kukanusha atarudishwa. Hakuiandika. Alikuja Oman na begi moja, na miaka mingi aliuza duka la mtu. Leo anasema siasa ndo ilivyo, na vijana wanadhani mzee kachoka.

Ijumaa hii nitakwenda tena barzani. Sitambishia. Nitamwomba tu, mbele ya wajukuu, atuhadithie ile barua.